Kiraka cha Bati Jeupe

Kijiwe ndicho kilichonipa habari.
Jumamosi, nakata nyasi za mbele, sina hili wala lile,
ta! kikanipiga kifundo cha mguu
kikipitia mahali palipopaswa kuwa chuma.

Nikazima. Nikachomoa waya wa plagi,
maana kisu kile hakina urafiki hata kikilala.
Nikailaza mashine ubavu, kabureta juu,
kama kondoo anayengoja kunyolewa,
nikachungulia tumbo lake kwa mara ya kwanza
tangu mwaka ule theluji ilipoanguka Mei.

Loo.
Nyasi za miaka tisa zimeganda mle,
nyeusi, nzito, zanuka kama ghala la malisho.
Nikakwangua. Chini ya nyasi, unyevu.
Chini ya unyevu, kutu,
yabanduka ganda kwa ganda mithili ya kitunguu,
ila machozi hayakuja, yalikuja matusi.
Nikaweka ncha ya bisibisi, nikasukuma kidogo tu:
mpini nimeushika kivulini,
ncha imekwisha tokea juani.
Ufa ningeziba. Hapa hapakuwa na ufa,
palikuwa na hewa iliyopakwa rangi.

Kumbe ndicho kisasi cha nyasi.
Sisi twazikata kwa makelele, mtaa mzima usikie;
zenyewe zalowa, zanata,
zatafuna kimya kimya,
laini ikamla mgumu.

Dukani kwa Halvorsen kijana alitazama kompyuta.
"Tumbo jipya lipo," akasema, "lakini kwa bei hiyo
utapata mashine nzima, na chenji juu."
Alisema kwa upole, kama daktari mbele ya jamaa.
Nikamshukuru. Nikanunua diski mbili za grinda,
riveti pakiti moja
na kopo la rangi nyekundu.

Nyuma ya gereji ilisimama mashine ya kufulia,
imekufa tangu Februari,
na kila wiki tulisema wiki ijayo tutaipeleka kwa wanunua vyuma.
Ubavu wake mweupe, mzima, hauna hata doa.
Nilikuwa nimeshapima kwa karatasi ya boksi,
nimeshachora kwa chaki, makasi ya bati mkononi,
Ardis akatokea na kikombe chake.
"Hiyo ni mashine yangu."
"Ilikuwa."
Akazitazama riveti. Akanitazama mimi.
"Hivyo ni vifungo vya shati, Verlyn. Sogea."

Miaka kumi na saba alichomelea matumbo ya meli
kule bandarini, ziwani,
na kumi na mmoja tangu avue barakoa.
Alijua ilipotundikwa. Mimi sikujua.
"Kwangua rangi yote kwanza, ukingoni,
mpaka chuma king'ae. Sitaki kuvuta moshi wa sabuni zako."
Nikakwangua. Cheche zikanirukia soksi.
Bati lile ni jembamba, na la mashine limechoka;
ukikaza moto unatoboa ulichokuja kuziba.
Basi akaenda nukta, akangoja. Nukta, akangoja.
Upande huu, kisha ule, ili joto lisipinde kitu.
Nilishika bati kwa koleo, nikageuza uso,
na ukutani nikauona mwanga wake wa buluu
ukiandika na kufuta,
ukiandika na kufuta.

Hakuzungumza mpaka mwisho.
Alipoinua barakoa, jasho puani,
akagonga kiraka kwa nyundo, akasikiliza.
"Mbaya," akasema,
lakini alikuwa akitabasamu na ule mshono,
si na mimi.

Sasa kila Jumamosi, nikimaliza kukata,
naichomoa plagi, nailaza ubavu,
naiosha tumbo kwa mpira wa maji, naifuta kwa fulana kuukuu.
Jirani yetu Dwight aliegemea uzio, akacheka:
"Unaiogesha?"
Nikamwambia aiache,
nusu yake ni mashine ya kufulia,
imezoea maji.